Kula ni rahisi, kutema ndiyo kazi

Kutengeneza kitu cha kumeza sarafu hakuhitaji elimu. Toboa kopo, tayari una kibubu, mtoto wa darasa la pili anaweza. Kazi inaanza pale unapotaka hicho kitu kikurudishie: sarafu tatu, si mbili wala si nne, kila mara, mchana na usiku, kwenye vumbi la Mbagala na joto la saa nane, bila mtu wa kusimamia. Hapo ndipo mafundi wanapotofautiana. Na hapo ndipo, ukiniuliza mimi, historia nzima ya mashine za kamari ilipoamuliwa. Watu wanazizungumzia kwa habari ya bahati na tamaa. Mimi naziona zikiwa zimegeuziwa ukutani, mlango wa nyuma uko wazi, na huko nyuma swali ni moja tu: nani atalipa, na atalipaje?

Nazungumzia dubwi. Wapo wanaoita bonanza, na wenye leseni kwenye karatasi zao wanaandika sloti. Ni yale masanduku yenye picha za matunda na taa za kukimbizana, yanayokaa baa, kwenye vibanda vya chipsi na pembeni ya stendi. Unatumbukiza mia mbili, unabonyeza tikiti maji au kengele, taa inazunguka, inapunguza mwendo, inasimama hatua moja kabla ya pale ulipopataka. Mengi yanatoka China yakiwa vipande, yanafungwa hapahapa, na yakiharibika huwa hayarudi China. Yanakuja kwa watu kama mimi.

Ukifungua mlango wa nyuma, usitafute maajabu. Kuna pawa saplai inayotoa volti 12 na volti 5, kuna bodi moja yenye chipu zake, waya nyingi kuliko inavyostahili, kipokea sarafu kimefungwa mlangoni mbele, na chini kabisa, kwenye giza, kuna bakuli la plastiki lililojaa mia mbili mia mbili. Hilo bakuli na mota yake ndiyo hopa. Bodi ikifa, mwenye mashine ananunua nyingine anapachika. Kipokea sarafu kikifa, vivyo hivyo. Hopa ndiyo inayorekebishwa, kwa sababu karibu kila ugonjwa wake ni wa vyuma, na ugonjwa wa vyuma una dawa.

Inavyofanya kazi inapendeza sana. Chini ya bakuli kuna sahani imelala kwa mshazari, ina matundu ya duara yenye upana wa sarafu na nafasi kidogo. Mota ikizungusha sahani, sarafu zinajikoroga zenyewe, na kila tundu linapopita chini ya lundo linadaka sarafu moja iliyolala. Zile zilizosimama wima au zilizopanda juu ya mwenzake zinateleza kurudi kwenye lundo, ndiyo maana sahani imewekwa mshazari. Iliyodakwa inaburuzwa na pini zilizo upande wa chini wa sahani mpaka inapokutana na pini nyingine mbili ambazo hazizunguki. Hapo haina pa kwenda ila pembeni, kwenye mlango. Na mlangoni inakuta vizuizi viwili: kimoja kimekaza hakitikisiki, kingine ni rola ndogo kwenye mkono wenye springi. Sarafu inasukumwa katikati yao, inaupanua mkono, inaupanua, mpaka pale upana wake mkubwa kabisa unapopita. Sekunde hiyohiyo springi inarudi na kuipiga teke. Tak! Sarafu imeruka nje.

Lile teke ndilo roho ya hopa. Bila teke, sarafu zingetoka zimefuatana, ya mbele imegusana na ya nyuma, na hakuna jicho lingeweza kuzitenganisha. Teke linaweka mwanya. Mbele ya mlango kuna taa ndogo ya miale isiyoonekana na mpokeaji wake ng'ambo ya pili. Sarafu ikipita, mwale unakatika, bodi inaandika moja. Mwanya ukipita, mwale unarudi. Moja, mwanya, mbili, mwanya, tatu, na ikifika hesabu yake bodi inakata umeme wa mota. Mota haina habari ya namba. Bodi nayo haijawahi kuiona sarafu, inachoona ni giza na mwanga vikipokezana.

Niliwahi kuletewa kesi ambayo nusura ivunje urafiki wa watu. Mashine ilikuwa gengeni kwa mama mmoja wa makamo, mwenye mashine anaishi mbali, na kila baada ya siku kadhaa kijana anapita na pikipiki kukusanya. Ndani ya mashine hizi kuna vihesabio viwili vidogo vya tarakimu, kimoja cha zilizoingia, kingine cha zilizotoka. Ukitoa kimoja kwenye kingine unajua ziwe zimebaki ngapi. Sasa zilikuwa hazibaki. Kila hesabu inapungua, na tajiri akaamua kwamba mama anaiba. Kijana, ambaye moyoni hakuamini, akaniita kabla mambo hayajafika serikali ya mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kunipekua na wewe?"

"Nimekuja kulipekua hili sanduku."

"Lipekue. Mimi funguo ya hilo dubwana sijawahi hata kuishika. Nitaiba kwa kidole?"

Nikaitoa hopa, nikaiweka juu ya meza ya nyanya, nikaiunganisha. Ndani mlikuwa na unga mweusi wa sarafu uliochanganyika na soda iliyokauka, njiti ya kiberiti, kifuniko cha bia kilichopondwa na uzi wa kanga umejizungusha kwenye mhimili. Nikasafisha, nikaiamuru ilipe kumi. Bodi ikahesabu kumi. Mezani nikahesabu kumi na moja. Kijana akadhani nimekosea, akahesabu yeye. Kumi na moja.

Springi ya mkono ilikuwa imechoka. Imepanuka na kurudi mara nyingi mno, ikalegea, na teke likageuka kuwa msukumo wa kivivu. Mara mojamoja sarafu mbili zilikuwa zinapita zimegusana, jicho linaona giza moja refu, bodi inaandika moja. Mashine ilikuwa inawalipa wachezaji zaidi ya walichoshinda na haijui. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuja kulalamika, bila shaka. Springi mpya haifiki bei ya sahani ya chipsi. Tajiri hakumwomba radhi yule mama, alituma salamu tu kwamba mashine ibaki palepale.

Ugonjwa wa upande wa pili nao upo, na huo ndio unaoleta ngumi. Sarafu iliyopinda inajibana kati ya pini, mota inanguruma, haizunguki. Hopa za bei nzuri zinahisi umeme umepanda, zinageuza mota kinyumenyume kidogo kisha zinajaribu tena, na mara nyingi hiyo inatosha. Za bei ya dubwi hazina akili hiyo. Bodi inasubiri, haioni giza, inasubiri, mwisho inaandika kosa kwenye kioo na kukata tamaa. Mchezaji aliyeshinda arobaini kapewa kumi na saba. Mweleze sasa habari za pini.

Turudi nyuma miaka mia na ushee, maana tatizo ni lilelile. Mwaka 1891 kampuni ya Sittman na Pitt ya Brooklyn, New York, ilitengeneza mashine ya poka: mapipa matano yanayozunguka, karata hamsini zimebandikwa juu yake. Mbili za kutimiza hamsini na mbili ziliachwa nje, kwa kawaida kumi ya shupaza na jeki ya kopa, ili nafasi ya mteja ipungue kidogo. Mashine zikaenea baa za mji mzima. Kulikuwa na kasoro moja: zilikuwa hazina njia ya kulipa. Mapipa matano yenye karata kumi kila moja yanakupa mipangilio 100,000, na hakuna fundi wa wakati ule aliyeweza kutengeneza vyuma vya kusoma mipangilio yote hiyo na kuamua kila mmoja unastahili nini. Kwa hiyo mlipaji alikuwa muuza baa. Umepata jozi ya wafalme? Chukua bia. Umepata kikubwa zaidi? Chukua sigara, au kinywaji kingine. Wateja waliingiza senti zao wakatoka na povu.

Aliyelifungua fundo ni Charles Fey, fundi mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa San Francisco, na alilifungua kwa kupunguza. Akatupa karata. Badala ya mapipa matano akaweka matatu, na badala ya karata hamsini akaweka alama tano: kiatu cha farasi, almasi, shupaza, kopa na kengele iliyopasuka, ile ya Uhuru ya Wamarekani. Mashine ikaitwa Liberty Bell, ikatoka miaka ya mwisho ya karne ya 19. Sasa mipangilio ilikuwa michache kiasi kwamba vyuma vinaweza kuisoma: kila pipa lina diski pembeni yenye vishimo, vidole vya chuma vinashuka, kinachoingia kwenye kishimo kinaachia kitelezi, na kitelezi kinachota sarafu kutoka chini ya bomba lililojazwa sarafu zilizopangana. Kengele tatu zilitoa zawadi kubwa kuliko zote, senti hamsini, yaani sarafu kumi za senti tano.

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaoandika kwamba Fey alibuni mchezo. Alibuni mlipaji, na mchezo ukabidi ujipunguze ulingane na mlipaji. Mapipa matatu hayakuchaguliwa kwa sababu tatu ni namba tamu. Yalichaguliwa kwa sababu ndiyo vyuma viliweza kuyasoma. Alama zile kubwa chache, ambazo leo zimebaki kwenye dubwi kama matunda na kengele, zina ukoo na vile vishimo.

Na bomba nalo liliweka mpaka wake. Bomba linabeba sarafu kiasi fulani, kitelezi kinachota kiasi fulani, basi. Kwa zaidi ya nusu karne mashine za Marekani zililipa zenyewe kama sarafu ishirini hivi, na zawadi ikizidi hapo mnaitana na mhudumu aje na mfuko. Ndiyo maana zawadi zilibaki ndogo. Ukiahidi sarafu mia tano wakati bomba lako lina thelathini, umeahidi aibu.

Mpaka Bally, kampuni ya Chicago, ilipotoa Money Honey mwaka 1963. Mashine ile ilikuwa na umeme ndani na, badala ya bomba, bakuli: hopa, ndugu wa moja kwa moja wa ile niliyoiweka kwenye meza ya nyanya. Bakuli halihitaji sarafu zipangwe. Zinamwagwa ovyo, sahani inajidakia. Money Honey iliweza kulipa mpaka sarafu 500 yenyewe bila kuita mtu. Wenye kasino wakagundua jambo ambalo muuza baa wa Brooklyn hakulijua: sarafu mia tano zikianguka moja moja kwenye sinia la chuma zinachukua muda, na muda wote huo ukumbi mzima unasikia. Anayepoteza hapigi kelele. Sauti pekee inayotoka kwenye mashine ni ya ushindi, na kwa hiyo mtu akiingia anaamini wote wanashinda. Simama mlangoni kwa baa yoyote yenye dubwi jioni ya Jumamosi, utaelewa.

Upande wa kumeza nimeudharau mwanzoni, lakini kuna kitu kimoja huko ambacho huwa nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza. Kipokea sarafu cha dubwi, kile cha kawaida kabisa, kina sarafu ndani yake iliyobanwa kwenye kijinafasi chenye springi. Unaiweka wewe fundi siku ya kufunga mashine, na haitoki. Pembeni yake kuna koili za umeme. Sarafu ya mteja inapoteremka inapita kati ya koili, na koili zinalinganisha: hii inayopita inasumbua umeme sawasawa na ile iliyobanwa? Ikilingana, kijilango kinavutwa na sarafu inaenda kwenye bakuli. Isipolingana, inaanguka chini kwenye kikombe cha kurudishiwa. Basi. Ukitaka mashine ipokee mia badala ya mia mbili, unabadilisha ile sarafu mateka. Bisibisi na dakika moja.

Kwa hiyo mashine haimjui Karume. Mia mbili ya Tanzania ya mwaka 1998 ina sura yake mbele na simba nyuma, lakini koili zinachokijua ni madini, unene na upana: shaba, nikeli na zinki kwa kipimo fulani. Jero, yaani sarafu ya mia tano, iliyotoka 2014 ina Karume huyohuyo, na nyati nyuma, ila mwili wake ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inaivuta. Kwa koili hao ni viumbe wawili wasiohusiana. Kenya walipobadilisha sarafu Desemba 2018, wakaondoa sura za marais kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, wakaweka twiga, kifaru, simba na tembo, watu walibishana juu ya picha. Fundi wa mashine hakuuliza picha. Aliuliza uzito na unene.

Upofu huu una hasara zake. Waliokaa Dubai au Abu Dhabi wanaikumbuka habari ya peso. Sarafu ya peso moja ya Ufilipino ya enzi hizo ilikuwa na upana wa milimita 24, na ya dirham moja ya Emirati ina milimita 24 hizohizo, uzito unakaribiana, rangi moja. Thamani haikaribiani hata kidogo, dirham ni peso kadhaa. Mashine za soda na za maegesho zikawa zinashiba peso, na wenye mashine wanafungua masanduku wanakuta hela ya Manila. Uingereza nako, kabla ya pauni yenye pembe kumi na mbili kuingia Machi 2017, pauni za duara za kughushi zilikuwa nyingi kiasi kwamba serikali iliona bora kuibadilisha sarafu yenyewe, na kila mashine nchini, ya maegesho, ya kufulia, ya vitafunwa, ikabidi ifundishwe upya. Nchi ikigusa sarafu yake kidogo tu, imegusa maelfu ya bisibisi.

Mashine za vitafunwa, kwa taarifa yako, hazitumii hopa mara nyingi. Zinarudisha chenji kidogo kidogo, sarafu mbili tatu, kwa hiyo zimebaki na ukoo wa bomba: kila aina ya sarafu ina bomba lake, zile anazoingiza mteja wa sasa zinaingia bombani kwa juu, na za chini zinasukumwa nje kuwa chenji ya mteja ajaye. Mfumo mzuri, wa adabu. Kwetu haukuenea, na sishangai: bomba linahitaji wateja walete sarafu ndogo, na hapa kila mtu anakuja na noti ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Wizi sasa. Wa kitoto ni wa uzi: toboa mia mbili, funga uzi wa kuvulia samaki, ishushe, ivute, ishushe. Umepitwa na wakati, kwa sababu vipokea sarafu vingi vina macho mawili yaliyofuatana na bodi inataka kuona la juu likifungika kabla ya la chini. Sarafu ikipanda, inajulikana inapanda. Bado kila mwezi namkuta kijana mwenye sarafu yenye tundu, na kidole chenye kovu la uzi.

Wa kiutu uzima ni wa Tommy Carmichael. Huyu alikuwa fundi televisheni wa Tulsa, Oklahoma, aliyeacha televisheni akageukia kasino. Miaka ya 1990 alibuni kitu kidogo ambacho naona ni werevu wa kusikitisha: waya mwembamba wenye kibalbu kwenye ncha. Alikipenyeza kupitia tundu la kutokea sarafu mpaka kikafika mbele ya lile jicho la hopa, akawasha. Umeshajua kilichofuata. Jicho limejaa mwanga, sarafu zinapita haziweki giza, bodi haiandiki kitu. Mota inaendelea kwa sababu kwa ufahamu wa bodi bado haijalipa hata moja. Hakugusa chipu, hakuvunja kufuli. Alimpofusha mhesabuji. Serikali ya Marekani ilimkamata hatimaye, na watengenezaji wakaanza kuweka macho yanayojijaribu: bodi inazima taa yake yenyewe kwa kitambo, na ikiona mwanga bado upo inajua si wake.

Siandiki haya ili mtu akajaribu kwa jirani. Naandika kwa sababu wachezaji wengi wananiuliza maswali kuhusu hopa kana kwamba humo ndimo bahati inamokaa. Swali la kwanza, kila mara: "Fundi, ikiwa imejaa si inatema?" Wanagonga ubavu wa sanduku kusikiliza. Wanasubiri mwenzao afilisike halafu wanakaa wao, kwa hesabu kwamba imekula sana, sasa lazima itapike. Hopa iliyojaa inamwaga za ziada kwenye ndoo iliyo chini kupitia tundu la pembeni, na ndoo hiyo ni ya tajiri. Kiasi cha kushinda kinaamuliwa na bodi, kwa mpangilio ambao mwenye mashine anauchagua akiwa na funguo. Bakuli likiwa na sarafu elfu au mia, bodi haiulizi.

Ingawa sitasema ni ujinga mtupu. Zipo mashine ambazo kweli zinaangalia zilichokula na kujirekebisha ili mwisho wa siku zifike asilimia zilizopangiwa. Uingereza wanazo kwenye baa kwa miaka mingi, na sheria yao inadai zibandikwe tangazo kwamba michezo iliyopita inaweza kuathiri unaofuata. Lakini hata kwenye mashine hizo, asilimia inayofikiwa ni ya tajiri. Anayesubiri zamu yake pembeni anasubiri apewe kipande cha hela ambayo tayari imeshakatwa.

Jambo linaloniudhi ni watoto. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasema wazi, chini ya miaka 18 marufuku. Tajiri akiniita kwenye kibanda kilicho mita chache kutoka geti la shule, naona kabisa kitufe cha chini kimelika kuliko cha juu, urefu wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Hizo sitengenezi, na mafundi wengine wananicheka kwa sababu wanazitengeneza wao. Kenya walifika mahali wakachoka: mwaka 2018 machifu na polisi walizunguka vijijini wakakusanya mashine za aina hii na kuzichoma moto hadharani. Mbao zinawaka vizuri. Sarafu walizitoa kwanza.

Kwenye kasino kubwa hopa imekwisha. Las Vegas walianza kuziondoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashine zikawa zinalipa kwa kikaratasi chenye mistari unachokipeleka dirishani. Hakuna cha kukwama, hakuna cha kumwagika, hakuna wa kuita fundi. Sauti ya sarafu waliibakiza, imerekodiwa, inatoka kwenye spika. Kwetu nako zinaingia taratibu mashine zinazopokea hela ya simu, na mwenye mashine mmoja ameshaniambia nimng'olee hopa zote, abaki na bodi. Akaniachia niuze kama chakavu.

Sikuuza. Moja nimeifungia kwenye sanduku la bati nikampa dada anayelinda choo cha stendi. Choo ni mia tatu, watu wanakuja na jero, na kutwa nzima alikuwa anagombana nao kuhusu mia mbili ya chenji. Sasa anapokea jero, anabonyeza kitufe, tak, mia mbili imeruka kwenye kikombe. Nimeweka springi mpya. Shida yake ni kuijaza, maana mia mbili za kutosha mtaani hazipatikani. Benki wanamzungusha, makonda nao wanazitaka. Kwa hiyo kila Jumatatu yule kijana mwenye pikipiki anapitia chooni akitoka kukusanya dubwi, anamwagia ndoo nusu, anapokea noti. Anamkata kidogo kwa huduma, lakini hesabu zake huwa sawasawa.